Tenga Kwanza, Ndipo Utengeneze

Nawasalimu nyote mlioko hapa mjini Arusha, kuanzia Ngarenaro, Kaloleni na Levolosi hadi Njiro na Moshono. Nawasalimu pia mlioko kwenye miteremko ya Mlima Meru: Ilboru na Sekei, Ngaramtoni, Tengeru na Nkoaranga, hadi kule Usa River.

Jioni hii nimekuja na jambo la nyumbani kabisa, nalo ni intaneti inayotufikia kwa waya wa simu. Nazungumzia ile laini ya mezani, waya unaotoka nguzoni, ukapita chini ya paa, ukaingia sebuleni kwenye modemu. Wapo wanaotegemea bando la simu ya mkononi, wapo waliohamia kwenye faiba, na hao wa faiba nitawafikia. Lakini zipo bado nyumba, ofisi ndogo na nyumba za wageni zinazotegemea waya huo wa shaba, na malalamiko ya wenyewe ni yale yale. Asubuhi mtandao upo, jioni haupo. Mvua ikianza tu, umekata. Jua likiwaka, umerudi. Mwanafunzi yuko katikati ya kutuma kazi yake chuoni, taa ya modemu inazimika. Mwenye nyumba ya wageni anasubiri ujumbe wa mgeni anayetaka kupanda mlima. Ujumbe haujibiwi, mgeni anakwenda kulala kwa mwingine.

Sasa nawauliza: mtandao ukisumbua hivyo, huwa tunafanya nini? Tunazima modemu na kuiwasha. Tukichoka, tunailaumu kampuni. Tukichoka zaidi, tunanunua bando. Fundi akija siku ya tatu anakuta kila kitu kinafanya kazi, anaaga, anaondoka, na jioni ile ile mtandao unakata. Je, hapo tumepata dawa? Hatujapata. Na sababu ni moja: tumehangaika kutengeneza kabla ya kujua palipoharibika ni wapi.

Kwa hiyo neno langu la leo ni fupi, naomba mlishike maana nitalirudia: tenga kwanza, ndipo utengeneze. Maji yakikatika jikoni hukimbilii kubomoa ukuta. Unakwenda kwanza kufungua koki ya pale kwenye mita. Yakitoka pale, tatizo liko ndani kwako. Yasipotoka, liko nje. Laini ya simu nayo hupimwa hivyo hivyo, kipande kwa kipande, kutoka kwenye kompyuta yako kurudi nyuma hadi nguzoni.

Kabla ya kufika kwenye hatua zenyewe, tuutazame kidogo huo waya. Wazee wanakumbuka kwamba mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyokuwa na makao yake hapa hapa Arusha, ilivunjika. Shirika la pamoja la posta na simu nalo likafika mwisho, Tanzania ikawa na Shirika lake la Posta na Simu. Miaka ya mwanzo ya 1990 posta na simu zikatenganishwa, ndipo tukaijua kampuni ya simu, TTCL. Kwa muda mrefu nyaya zilizovutwa mitaani zilikuwa na kazi moja kubwa, kubeba sauti ya mtu. Na sauti haina makuu. Simu ya mezani hutumia masafa yasiyozidi kilohezi 4 hivi. Intaneti ya waya wa simu, iitwayo ADSL, ilipokuja, ikapandishwa juu ya waya ule ule, ila kwa masafa ya juu zaidi, kuanzia kama kilohezi 25 hadi kupita megahezi 1, na kwa toleo lake la baadaye, ADSL2+, hadi megahezi 2.2. Ndiyo maana baba anaweza kuongea na simu huku binti anasoma mtandaoni, wote wawili kwa waya mmoja.

Hapa sasa ndipo penye jibu la swali ninaloulizwa kila mara: "Mbona simu inasikika vizuri, lakini intaneti inakatika?" Ni kwa sababu sauti inavumilia mengi. Waya ukiwa umeoza kidogo, jointi ikiwa imelegea, sauti itapita tu, labda na mikwaruzo. Masafa ya juu ya intaneti hayavumilii. Jointi moja iliyoingia unyevu, waya mmoja mwembamba wa ekstensheni, vinatosha kuyadhoofisha. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie laini yako ni nzima kwa sababu tu simu inaita. Simu kuita ni dalili njema, lakini si ushahidi kamili.

Haya, twende kwenye hatua. Nitazitaja moja moja, taratibu. Mwenye kalamu aichukue.

Hatua ya kwanza: tenga Wi-Fi na laini. Watu wengi wakiona simu ya mkononi haifungui ukurasa, husema "mtandao umekata". Lakini umekata wapi? Kati ya simu yako na modemu, au kati ya modemu na dunia? Hayo ni mambo mawili tofauti. Nyumba zetu nyingi zina kuta nene za tofali au za mawe, wengine wana mageti ya chuma na mabati katikati. Ukikaa chumba cha mwisho, Wi-Fi inaweza kukosa nguvu ilhali laini ya simu iko salama salimini. Sasa ufanyeje? Chukua kompyuta, iunganishe na modemu kwa waya wa mtandao, ule wenye kichwa cha plastiki kinachobana kikiingia. Huna kompyuta? Sogea na simu yako hadi mita moja kutoka kwenye modemu. Ikifanya kazi pale, laini haina kosa. Hamisha modemu, iweke juu, mahali pa wazi katikati ya nyumba, isikae nyuma ya televisheni wala ndani ya kabati la vyombo.

Hatua ya pili: soma taa za modemu. Taa hizi zinasema, na lugha yake ni nyepesi. Ipo taa ya umeme. Ipo taa yenye maandishi DSL. Na ipo ya tatu yenye maandishi Internet. Taa ya DSL ikipepesa, maana yake modemu inautafuta mtambo wa kule kituo cha simu na haijaupata. Ikitulia, wamepatana. Sasa sikiliza vizuri. Taa ya DSL ikiwa imetulia lakini ya Internet imezima au imewaka nyekundu, waya wako mara nyingi hauna ugonjwa. Hapo fikiria malipo ya mwezi, fikiria jina la mtumiaji na neno la siri vilivyopotea baada ya mtoto kubonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma, au fikiria hitilafu ya upande wa kampuni. Lakini taa ya DSL yenyewe ikiwa inapepesa, inatulia, inapepesa tena, hapo ndipo penye suala la waya. Mnaona tofauti? Taa moja tu imekwisha kutuonyesha njia. Tenga kwanza, ndipo utengeneze.

Hatua ya tatu: sikiliza simu yenyewe. Nyanyua mkono wa simu ya mezani, utasikia ule mlio wa kukuruhusu kupiga. Bonyeza namba moja tu, mlio utakatika na laini itakaa kimya kwa sekunde chache. Katika kimya hicho tega sikio. Kuna mikwaruzo? Kuna kitu kinachovuma kama nyuki? Kuna kutatarika kunakozidi ukitikisa waya? Laini nzima inakuwa kimya kabisa. Ukisikia kelele, umepata ushahidi mkubwa, na ushahidi huo ni wa simu, hauhitaji hata modemu. Uandike.

Hatua ya nne, na hii nawaomba muisikilize kwa makini kwa sababu ndiyo inayookoa nyumba nyingi: rudi kwenye tundu la kwanza. Kila nyumba ina tundu la simu la kwanza, lile ambalo waya wa nguzoni unalifikia kabla ya kugawanywa kwenda vyumba vingine. Chomoa vitu vyote vya simu nyumbani: simu ya chumbani, faksi ya zamani ofisini, kengele ya ulinzi kama imeungwa na laini, ekstensheni zote. Vyote. Kisha peleka modemu kwenye tundu hilo la kwanza, iunganishe kwa waya mfupi uliokuja nayo dukani, na iache hapo siku nzima. Mtandao ukitulia, habari njema: ugonjwa uko ndani ya nyumba, na unaweza kuutibu mwenyewe au kwa fundi wa mtaani. Ukiendelea kukatika na modemu iko hapo peke yake, basi tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa nje, au modemu yenyewe imechoka. Azima modemu ya jirani mwenye huduma kama yako, ijaribu. Ikikatika nayo, huna tena sababu ya kuitilia shaka modemu yako.

Tukikuta ugonjwa uko ndani, huwa ni nini? Mara nyingi ni filta. Filta ni kile kikasha kidogo cheupe chenye mkia wa waya, kinachokaa kati ya tundu la ukutani na simu. Kazi yake ni kuzuia masafa ya intaneti yasiingie kwenye simu, na simu isiyasumbue. Kila kifaa cha simu kinahitaji filta yake; modemu peke yake ndiyo isiyopitishiwa filta. Sasa utakuta mtu ana filta moja sebuleni, halafu simu ya chumbani imechomekwa moja kwa moja. Kila simu ikiita, intaneti inaanguka. Umewahi kuona hilo? Simu inaita, mtandao unakatika; unakata simu, unarudi. Ukiona hivyo, anza na filta.

Baada ya filta kuna ekstensheni. Ule waya bapa unaouzwa madukani, unaozungushwa nyuma ya kochi mita 15 au 20, haufai kubeba intaneti. Waya mzuri wa simu una nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na msokoto huo ndio unaozuia kelele za nje. Ukihitaji kufika mbali ndani ya nyumba, modemu ibaki karibu na tundu la kwanza, na kinachosafiri kwenda chumba cha mbali kiwe waya wa mtandao au Wi-Fi. Fupisha waya wa simu, refusha waya wa mtandao. Narudia: fupisha waya wa simu, refusha waya wa mtandao.

Na tatu kuna jointi. Tazama pale waya unapoingia nyumbani, chini ya paa, kwenye fisibodi. Wengi wetu tuna jointi pale iliyofungwa kwa selotepu nyeusi miaka mingi iliyopita. Jua la Arusha limeikausha tepu, imejikunja, mvua ya masika inapenya. Fundi akiifungua utaona mwenyewe: shaba nzima ina wekundu unaong'aa, shaba iliyoliwa na maji ina ukungu wa kijani, na nyingine imekuwa nyeusi, inakatika ukiigusa. Hapo hakuna cha kufuta wala kukwaruza. Inakatwa hadi kufikia shaba safi, inaungwa upya kwa kiunganishi chenye mafuta mazito ndani yanayozuia maji, na waya unaachiwa tumbo kidogo kuelekea chini kabla ya kuingia ukutani, ili matone yadondokee nje yasitiririke hadi kwenye jointi.

Wasikilizaji wapendwa, tumefika nusu ya safari. Tumetenga Wi-Fi, tumesoma taa, tumesikiliza simu, tumerudi kwenye tundu la kwanza. Sasa nataka niwape chombo kimoja cha kupimia ambacho wengi mnacho mkononi wakati huu: redio.

Nimesema intaneti ya waya wa simu inatumia masafa yanayofika hadi kupita megahezi 1. Wazee wangu, masafa hayo mnayajua. Humo yamo masafa ya kati, yale tuliyosikilizia Redio Tanzania Dar es Salaam. Mnakumbuka usiku ulivyokuwa ukiingia, stesheni za mbali zikaanza kusikika, za nchi jirani na za mbali zaidi, nyingine zikapanda juu ya zetu? Mawimbi ya masafa ya kati husafiri mbali zaidi usiku kuliko mchana. Waya wa simu uliotandazwa angani nao hunasa mawimbi hayo kama antena. Kwa hiyo laini dhaifu inaweza kuwa nzuri mchana na kuyumba usiku, na hakuna mtu aliyeigusa.

Na hapo ndipo redio inapokuwa chombo cha kupimia. Chukua redio ndogo ya betri, iweke masafa ya kati, itafutie mahali pasipo na stesheni, usikie ule mvumo wa kawaida tu. Kisha tembea nayo polepole nyumbani, ukifuata njia ya waya wa simu. Mahali itakapoanza kunguruma, pana kifaa kinachotoa kelele za umeme, na kelele hizo hizo ndizo zinazoingia kwenye intaneti yako.

Niliwahi kuliona hili katika nyumba moja huko Sekei. Mtandao wao ulikuwa ukikata kila siku ikikaribia saa moja jioni, ukirudi alfajiri. Walikwisha kubadilisha modemu. Walikwisha kubadilisha filta. Fundi aliyekuja safari hii akauliza kwanza, "Jioni mnawasha nini ambacho mchana hamwashi?" Wakataja televisheni, jiko la umeme, pasi. Vikazimwa, mtandao haukurudi. Akaomba redio ya mlinzi. Akatembea nayo kuanzia sebuleni, redio inavuma kawaida. Akatoka barazani, ikaanza kulia. Alipofika kwenye kona ya nyumba, chini ya taa ya ulinzi inayojiwasha giza likiingia, redio ikanguruma hadi watoto wakacheka. Nyuma ya taa ile kulikuwa na kikasha cha kupunguza umeme, cha bei ya chini, na waya wa simu ulipita juu yake, karibu wa kugusana. Akazima swichi ya taa. Redio ikanyamaza. Haikupita dakika nyingi, taa ya DSL ikatulia. Tiba ilikuwa kubadilisha ile taa na kuusogeza waya wa simu kwenda upande wa pili wa dirisha. Hakuna nguzo iliyopandwa, hakuna aliyelaumiwa.

Vifaa vingine vya kushuku ni vipi? Uzio wa umeme, hasa ukiwa umeguswa na majani ya maua au matawi. Chaja za simu za bei rahisi. Inveta ya sola. Stabilaiza inayogonga gonga umeme ukiyumba. Zima kimoja kimoja, usizime vyote kwa mpigo. Ukizima vyote kwa mpigo na mtandao ukarudi, utajua nini? Hutajua chochote. Tenga kwanza, ndipo utengeneze.

Hatua ya tano: daftari. Najua, daftari linaonekana jambo dogo. Lakini tatizo linalokuja na kuondoka halikamatwi kwa kumbukumbu ya kichwani. Ning'iniza daftari karibu na modemu. Mtandao ukikata, andika tarehe, saa, hali ya hewa, taa ipi imezima, na kama umeme ulikatika. Fanya hivyo wiki mbili. Kisha soma. Ukiona unakata kila mvua inaponyesha na kuendelea kusumbua hadi jua likaushe, una jointi inayoingia maji, ndani au nje. Ukiona unakata upepo ukivuma, kuna waya unaosuguana na tawi. Ukiona unakuwa mzito jioni lakini taa ya DSL imetulia, huenda si waya kabisa. Ni watu wengi wamerudi nyumbani na wote wako mtandaoni kwa wakati mmoja. Na ukiona unakata mara tu umeme unaporudi, modemu yako inapigwa na umeme unaorudi kwa kishindo, itafutie kinga au betri ndogo ya kuishikilia.

Sisi tunaoishi chini ya Meru tuna ya kwetu ya ziada. Kwanza ni miti. Ukipanda kwenda Ilboru au Nkoaranga, waya unapita katikati ya migrevilea, mikaratusi na migomba. Mjini kuna mijakaranda. Tawi likisugua waya msimu mzima, ganda la plastiki linaisha, shaba inabaki wazi. Pili ni umbali. Kasi ya juu ya ADSL2+ inafika megabiti 24 kwa sekunde, lakini hiyo ni ya aliye karibu sana na mtambo. Ukizidi kuwa mbali kasi inashuka, na ukikaribia kilomita 5 za waya unapata kidogo sana au hupati kabisa. Na kumbuka ni kilomita za waya, unaozunguka na kona za barabara. Kwa hiyo aliye juu kwenye mteremko asijipime na jirani anayekaa mita chache kutoka kituo cha simu.

Ukitaka kujua laini yako inasimama wapi, fungua ukurasa wa modemu kwenye kompyuta. Tafuta herufi SNR. Hiyo ni ziada ya nguvu ya mawimbi juu ya kelele, kupita kiwango ambacho laini inakihitaji, na inapimwa kwa desibeli. Ikiwa chini ya 6, laini inachechemea. Ikiwa 10 na zaidi, ina nafasi ya kupumua. Tafuta pia neno Attenuation. Linaonyesha mawimbi yamepoteza nguvu kiasi gani njiani. Likipita 60, uko mbali au waya ni mbovu, na hakuna modemu ya dukani itakayofanya miujiza. Ziandike namba hizo siku ya jua na siku ya mvua. Zikitofautiana sana, maji yanaingia mahali.

Jambo la tatu la kwetu hapa chini ya Meru ni radi. Wakati wa masika na vuli, mawingu yakishuka mlimani na ngurumo zikaanza, kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Radi inaingia kwa njia mbili, ya umeme na ya waya wa simu. Chomoa vyote viwili, na fanya hivyo mapema, kabla mvua haijafika juu ya paa lako. Na ngurumo zikiwa zinaendelea, usiishike simu ya mezani.

Sasa tuseme umefanya yote haya na ushahidi unaonyesha nje. Je, unachukua ngazi kupanda nguzo? Hapana, ndugu yangu. Hapana kabisa. Nguzo si mali yako, na njiani pana nyaya za umeme za TANESCO ambazo hazisamehi. Hapo ndipo unapopiga simu kwa kampuni. Lakini piga simu ya mtu aliyejiandaa. Usiseme, "Mtandao wenu unasumbua." Sema hivi: "Modemu iko kwenye tundu la kwanza, hakuna simu nyingine iliyochomekwa, nimejaribu modemu mbili. Taa ya DSL inapotea kila mvua ikinyesha. Kwenye simu nasikia mikwaruzo. Nimeandika tarehe na saa." Msikilize fundi wa upande wa pili atakavyobadilika. Umemwokolea nusu ya kazi. Omba namba ya malalamiko, iandike kwenye daftari lile lile. Na fundi akija, mwonyeshe daftari, hata kama saa hiyo mtandao uko sawa.

Malalamiko yakikaa bila majibu, una pa kwenda. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa hapa Arusha. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Utaratibu ni kuanza kwa mtoa huduma wako, usiporidhika ndipo uende mbele. Na huko mbele utaulizwa ushahidi. Mwenye daftari ana cha kuweka mezani.

Na tukumbuke wajibu wetu wa mtaani. Waya wa shaba una bei kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na wapo wanaoukata usiku. Waya mmoja mkubwa ukikatwa, mtaa mzima unakosa simu. Ukiona watu wasiofahamika wakivuta waya saa za ajabu, mjulishe mwenyekiti wa mtaa na polisi.

Niliwaahidi wa faiba kwamba nitawafikia. Ikifika mtaani kwako, na uwezo unaruhusu, ichukue. Uzi wa kioo haunasi kelele za redio, haushiki kutu, wala hauna bei kwa wa chuma chakavu. TTCL walikwisha kufikisha intaneti kwenye kambi ya wapandaji ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari kwenye Mlima Kilimanjaro, Agosti 2022. Hakuna sababu ya nyumba ya Ngaramtoni kuachwa nyuma, na tuendelee kuidai. Lakini faiba haiondoi haja ya kutenga. Wi-Fi dhaifu ni dhaifu hata kwenye faiba. Na wakati mwingine kosa liko mbali kuliko unavyodhani. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikayumba nchi nzima na kwa majirani zetu. Siku ile ni wangapi walizima na kuwasha modemu hadi vidole vikauma? Swali moja kwa jirani anayetumia kampuni nyingine, "Je, kwako upo?" lingewapumzisha. Muulize jirani kwanza; nayo ni njia ya kutenga.

Tukusanye basi. Tenga Wi-Fi na laini. Soma taa. Sikiliza simu ikiwa kimya. Rudi kwenye tundu la kwanza na uchomoe vingine vyote. Andika kwenye daftari kwa wiki mbili. Tafuta kelele kwa redio ya masafa ya kati. Chomoa waya wa umeme na wa simu radi ikikaribia. Nguzo mwachie fundi.

Nalisema hili kwa moyo wote kwa sababu intaneti ya nyumbani si anasa tena. Ni shule ya mtoto, ni duka la mama, ni sauti ya ndugu aliye mbali. Anayeuziwa huduma na hajui kuipima, huuziwa chochote. Anayejua kuipima huheshimiwa na fundi, na kampuni humsikiliza.

Kwa hiyo kazi yenu ya leo ni moja, wala si ngumu. Kabla hamjalala, tafuteni lile tundu la kwanza la simu nyumbani mwenu, muone kilichochomekwa hapo. Kesho hamishieni modemu hapo, mfungue ukurasa wa kwanza wa daftari. Wiki mbili zijazo mtakuwa mnajua jambo ambalo leo mnalikisia.